Landrova Iliyoandikwa Jina Langu

Jumamosi, Kalangalala, Geita. Mvua tangu alfajiri.

Mvua ilianza kabla ya adhana na mpaka sasa alasiri haijaonyesha dalili ya kuchoka. Bati la chumba hiki linapiga kelele kiasi kwamba mama akiniita kutoka jikoni naweza kusema sikusikia. Ameniita mara mbili. Sikusikia.

Nikiinua kichwa naiona Landrova uani, imeoga vizuri kwa mvua. Juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo kwa mtu pangekuwa paji la uso, pameandikwa ZUHURA kwa rangi nyekundu. Zuhura ni mimi. Watu wanaopita njiani hulisoma jina kwa sauti, kisha hutazama dirisha langu, na mimi huinama.

Nataka kuandika yote leo, hatua kwa hatua, kwa sababu jana sikuweza kusema hata neno moja, na nisipoyaandika nitaanza kuamini ninavyoambiwa, kwamba hakuna aliyenikosea.

Baba alikuja Geita kabla sijazaliwa. Alitoka Kisarawe akiwa utingo wa lori, akapandishwa kuwa dereva, akamwoa mama, akafungua duka, akabaki. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, ndiyo maana mji mzima humwita Baba Zuhura. Siku hizi macho yake yameingia ukungu. Mtu aliye karibu anamwona vizuri, lakini ng'ombe aliyesimama barabarani kwake ni kivuli kama vivuli vingine. Ameacha kuendesha. Hakutangaza, aliacha tu.

Miezi miwili iliyopita nilirudi nyumbani na sanduku langu, nimemaliza kidato cha nne, na wiki hiyohiyo baba akanunua Landrova. Ilikuwa ya mradi wa visima. Wazungu wa mradi walirudi kwao, magari yao yakapigwa mnada, na baba akapata hii, kuukuu, imebonyea ubavu mmoja, ina harufu ya matope na dizeli. Kwetu ilikuwa mpya. Ndani ya kisanduku cha mbele tulikuta kitabu cha gari, cha Kiingereza. Baba hajui Kiingereza. Jioni ile alinikalisha barazani, akanipa kitabu kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mgeni kikombe, akasema, "Nisomee hapo mwanzo."

Nilisoma kwa siku nyingi. Nilisoma habari za springi, za mafuta ya gia, za virungu viwili vidogo vilivyo pembeni ya mti wa gia, kimoja cha njano na kimoja chekundu. Neno nisilolijua nililitafuta kwenye kamusi ya shule. Baba alifumba macho akisikiliza, na nikikosea kutafsiri alijua, maana gari analijua kwa mikono yake. Sijawahi kukaa na baba muda mrefu kiasi kile. Mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakija. Lakini kwa baba na kile kitabu sikuwa na aibu.

Siku moja akanichukua mpaka uwanja wa mpira, akanikalisha kwenye usukani, yeye akakaa pembeni. Pedali ya klachi niliifikia kwa ncha za vidole tu. Ilinibidi niteleze mpaka kiuno kiwe kwenye ukingo wa kiti, na hapo sikuona mbele. Gari likaruka kama mbuzi, likazimika. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Macho yangu ndiyo hivyo. Wewe utakuwa macho yangu. Utaendesha, mimi nitakaa hapa pembeni nisimamie mizigo. Tukipata dereva wa kukodi atatuibia hata tairi la akiba."

Nikasema, "Baba, watu watasemaje?"

Akasema, "Watapanda au watatembea. Watachagua wenyewe."

Nimetimiza miaka kumi na minane. Baba alishaulizia habari za leseni Mwanza. Haya sikuyaota.

Baada ya hapo ukaja mjadala wa nini kifanywe kwanza. Kila aliyepita mbele ya duka alikuwa na lake. Jirani mwenye mashine ya kukoboa alisema gari bila keria ya juu ni sawa na punda bila mgongo. Mwingine alitaka winchi mbele, ya kujivutia kwenye matope. Rafiki yake baba aliyewahi kuendesha malori ya pamba akasema mjadala hauna maana, vifaa havipatikani, hata tairi zenyewe ni za kibali, tushukuru kama zitazunguka. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu. Walipoondoka akaniambia, "Kabla ya masika tunaweza kufanya mambo matatu tu. Yachague wewe. Wewe ndiye umesoma kitabu, na wewe ndiye utakayeendesha."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nililichukua jambo lile kama mtihani mwingine.

Kwa kuwa najua nilivyo na haya, nilijilazimisha. Nilikwenda gulioni nikawauliza wanawake wanaouza mchele kutoka Kharumwa wanavyosafiri. Niliongea kwa sauti ndogo mpaka mmoja wao, Mama Kulwa, akaniambia niseme kama mtu aliyekula. Yeye ni mnene, mcheshi, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatupandi gari. Tunapakiwa. Mmoja anakushika mkono juu, mwingine anakusukuma matako chini, na wote wawili wanacheka."

Wenzake walicheka. Mimi nilirudi nyumbani na neno lile. Hatupandi, tunapakiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililochagua lilikuwa ngazi ya chuma ya nyuma, ya vidato viwili, yenye mshikio pembeni, pamoja na mabenchi yenye egemeo. La pili, springi ziongezwe jani moja kila upande wa nyuma, kwa sababu kitabu kinaonya juu ya mzigo, na mchele wa Kharumwa hauji kwa kilo. La tatu lilikuwa langu. Nilimwambia baba nikitazama chini: vibao vya pedali, ili miguu yangu ifike, na mto wa mgongoni, ili nikae mbele.

Baba akasema, "Hilo la tatu lilipaswa kuwa la kwanza."

Vibao alivitengeneza Luhende. Luhende ni seremala, jirani yetu, Msukuma, na kwa kuwa baba ni Mzaramo, wao ni watani. Hawajawahi kusalimiana kama watu wengine. Luhende akifika dukani huuliza kama maiti imeshaoshwa, na baba hujibu kwamba inamsubiri yeye aje kuchimba kaburi. Kwangu Luhende hana utani wa namna hiyo. Alichukua vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, akapima unyayo wangu juu ya gazeti, akaranda, akachora mistari ili kiatu kisiteleze. Tulivifunga sisi wawili hapa uani, kila kibao bolti mbili na bati nyuma yake, kwa spana namba kumi na tatu. Alinikabidhi spana nikaze mwenyewe. "Ukikaza wewe," alisema, "hutamlaumu Msukuma vikilegea."

Nikarudi uwanjani na baba. Klachi ikashuka mpaka chini, chini kabisa, na kisigino changu kikiwa sakafuni. Gari likaondoka bila kuruka. Nilizunguka magoli yote mawili. Baba alikuwa ameweka mkono dirishani kama abiria.

Naandika hivi ili nikumbuke kwamba ile siku ilikuwepo.

Springi na ngazi zilikuwa za kutengenezwa Shinyanga. Huko anaishi shangazi, dada yake baba, na mwanawe Ramadhani anafanya kazi gereji. Ramadhani alikuja kulichukua gari. Ni mrefu, mpole, anaongea kidogo, ameendesha matrekta ya pamba na malori. Alipoingia kwenye usukani magoti yalimfika kidevuni. Akashuka, akaomba spana, akafungua vibao vyangu. Nilielewa. Mtu mrefu hawezi kuendesha na vile vibao kutoka Geita mpaka Shinyanga. Nikamwambia, "Kaka, usivipoteze."

Akasema, "Sitavipoteza, dada."

Wiki zile za kungoja nilishona mto. Nilitumia khanga ya mama iliyochakaa upande mmoja, nikaujaza pamba, nikautia vifungo ili usihame. Mama alikaa na mimi. Alinionyesha namna ya kukunja pembe. Jioni moja aliacha kazi yake akanitazama muda mrefu, nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema uzi wangu umelegea. Nikaufumua nikaanza upya.

Uzi haukuwa umelegea.

Juzi gari likarudi. Ngazi ilikuwa nzuri kuliko nilivyoiwaza, imechomelewa vizuri, mshikio umepigwa rangi. Nyuma limeinuka, springi mpya zinaonekana. Na juu ya kioo, ile rangi nyekundu. Baba alinishika bega akanisogeza mbele ya gari. "Soma," akasema. Nikasoma jina langu.  Nilidhani ni ahadi imeandikwa mahali ambapo kila mtu ataiona.

Shangazi naye alikuja na gari hilohilo, na kanzu mpya ya Ramadhani mfukoni. Sikujiuliza kanzu ni ya nini. Nilifungua mlango wa dereva kuangalia vibao. Havikuwepo. Nikafikiri viko kwenye kisanduku cha vifaa.

Jana ilikuwa Ijumaa. Baba ana desturi aliyokuja nayo kutoka Pwani, na nimeiona kwa baiskeli, kwa mashine ya kushonea, kwa kila chombo kilichoingia nyumba hii: chombo kipya kinasomewa dua, na atakayekitumia anakuwa amekishika wakati dua inasomwa, ili dua iwakute wote wawili. Mama alikaa kwenye cherehani yake. Mimi nilishika baiskeli nilipokuwa darasa la sita. Kwa gari, atakayeendesha anakaa kwenye usukani.

Baada ya swala ya Ijumaa watu walijaa mbele ya nyumba. Majirani, wafanyabiashara, wachimbaji wawili watatu walionusa pilau kutoka huko machimboni, Luhende amesimama nje ya mkeka kama ilivyo kawaida yake, maana yeye ni Mkristo na husema anasubiri sehemu ya kula. Ubani ulishawashwa. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kumalizia shule, na khanga mpya, na mto nimeukumbatia. Maalimu, msomaji wa dua, akauliza, "Dereva yuko wapi?"

Nikatoka upande wa wanawake. Naandika tena ili niamini: nilitoka mwenyewe, mimi ambaye siwezi kupita mbele ya wageni. Nilikuwa nimeshashika komeo la mlango.

Baba akasema, "Ramadhani, panda."

Hakuwa akinitazama. Kwa macho yake, huenda hata hakuniona. Ramadhani alikuja na kanzu yake mpya, akasimama nyuma yangu, akasubiri. Watu wote walisubiri. Sikujua nifanye nini na mkono wangu, kwa hiyo nikachukua ncha ya khanga nikaanza kuufuta mlango, kama vile nilikuwa nimekuja kufuta vumbi. Nikafuta komeo. Nikafuta na kioo cha pembeni. Kisha nikampisha.

Nadhani hicho ndicho kitakachoniamsha usiku miaka mingi ijayo. Siyo yeye kupanda. Mimi kufuta mlango.

Dua ikasomwa. Ramadhani ameshika usukani, macho chini. Nilirudi kwa wanawake, shangazi akanipokea mto akasema, "Umeshona vizuri, tutauweka kiti cha kati, mama yako akisafiri asiumie mgongo." Nikaitikia amina pamoja na wengine.

Kisha Luhende akafanya alivyofanya. Watu walikuwa wanasimama kwenda kula, yeye akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akaunyanyua juu. "Gari la Wazaramo limekamatwa," akasema. "Halitoki hapa mpaka nilipwe jogoo. Na pilau la kufunga."

Watu wakacheka. Hiyo ni haki ya mtani na hakuna anayeweza kumkasirikia. Baba naye akacheka. "Mpeni mifupa huyo, ameanza kutetemeka kwa njaa."

"Mifupa nitaipokea," akasema Luhende. "Lakini kesi bado. Mimi nilipima mguu wa dereva wa gari hili kwa gazeti. Haukuwa na ndevu."

Wakacheka zaidi. Baba hakucheka safari hii. Luhende akavuka mkeka wa wanaume, akaja mpaka tulipokaa, akaniwekea ufunguo kiganjani. "Mshitakiwa ni Baba Zuhura. Hakimu ni Zuhura. Kata."

Ufunguo ulikuwa na joto la mkono wake. Watu wote walinigeukia, na wote walikuwa wanatabasamu, maana kwao ulikuwa mchezo. Nilikuwa na sentensi moja tu. Baba, uliniahidi. Maneno mawili. Nilifungua mdomo. Nikaona masharubu ya Maalimu, nikaona viatu, nikaona meno ya watu.

Baba akasema taratibu, "Lete ufunguo, mwanangu. Chakula kinapoa."

Nikaupeleka. Nilimpa baba mkononi, yeye akampa Ramadhani, na ukaisha hapo. Luhende aliondoa kofia yake akaniinamishia kichwa kidogo. "Wabeja sana, hakimu," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma. Hakuwa anatania. Akaenda zake bila kula.

Nilipokuwa napeleka maji ya kunawa nikawasikia wageni wakisifu ngazi. Mmoja alikuwa anapanda na kushuka kama mtoto. Akauliza nani aliwaza jambo la busara namna ile. Baba akasema, "Kijana wetu huyu. Amekaa na magari, anajua abiria wanataka nini." Ramadhani alikuwa na kikombe cha kahawa. Alikiangalia ndani. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Kwa hiyo vyote nilivyochagua vimebaki, isipokuwa mimi.

Vibao vyangu nilivikuta wageni walipoondoka. Ua wetu una mteremko, na breki ya mkono bado haishiki vizuri. Ramadhani alikuwa ameviweka kama kabari, kimoja nyuma ya kila tairi la nyuma, vimezama nusu kwenye udongo. Mistari aliyoichora Luhende imejaa udongo. Hakuvipoteza. Alisema hatavipoteza.

Nilibeba mawe mawili makubwa kutoka kwenye bustani ya mama, nikayaingiza nyuma ya matairi kwanza, maana gari likiserereka litaingia jikoni. Ndipo nikavichomoa. Nimeviosha. Vimo chini ya kitanda changu, juu ya gazeti, vinakauka. Kimoja kimepata ufa mwembamba, lakini si wa kuharibu.

Leo asubuhi mama alikuja na uji akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwuliza bila kumsalimia, Mungu anisamehe. "Ulijua lini?"

Alisema ukweli, hilo namshukuru. Alijua tangu siku gari linaondoka. Shangazi alikuwa ameandika kuomba kazi kwa ajili ya mwanawe, na wafanyabiashara wenzake baba walishamwambia kwamba hawatapakia mizigo yao kwenye gari la msichana, na kwamba njia ya Bulyanhulu imejaa wachimbaji wasio na heshima. Baba alikosa usingizi. Halafu akaamua. Alimwomba mama aniambie yeye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unashona," mama akasema. "Ulikuwa unaimba. Tangu urudi sikuwahi kukusikia ukiimba. Nikasema, nitamwambia kesho."

 Baba nimemkasirikia hasira ya kawaida, nadhani itaniisha. Lakini kwa mama sijui. Alikaa na mimi jioni zote zile, akanionyesha namna ya kukunja pembe za mto ambao alijua hautakuwa wangu. Hata sasa nikiukumbuka wema wa mikono yake najisikia nimechekwa. Naye hakuwa anacheka. Hilo ndilo linalonichanganya.

"Baba yako ameandika jina lako mbele," mama alisema akiondoka. "Hakulazimishwa na mtu."

Ndiyo. Najua. Baba anaamini kwamba amenipa kitu.

Saa ya mchana, mvua ikiwa imepungua kidogo, baba mwenyewe alikuja mlangoni. Hakuingia. Ukuta wa nyumba yake anaujua kwa mkono, alikuwa ameuegemea. Kesho gari linafanya safari yake ya kwanza, Kharumwa, kuwahi gulio. Kwa mvua hii, pale kwenye mbuga, udongo mweusi utakuwa kama unga uliokandwa. Ramadhani anajua malori, lakini vile virungu viwili, cha njano na chekundu, hajawahi kuvitumia. Kutoka Shinyanga walikuja njia ikiwa kavu.

"Asubuhi uje umsomee pale pa virungu," baba akasema. "Mimi nimesahau mpangilio wake. Wewe unakumbuka."

Nikasema kichwa kinaniuma.

"Asubuhi kitakuwa kimepona," akasema. Akapapasa fremu ya mlango. Nilidhani atasema jambo jingine, na nikiwa mkweli, nilikuwa nalisubiri kwa moyo wangu wote. Akasema, "Mvua hii nzuri kwa mpunga." Akaondoka.

Nakumbuka mpangilio. Nakumbuka bila kufungua kitabu. Kirungu cha njano kinasukumwa chini, na magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta. Chekundu kinavutwa nyuma, lakini gari likiwa limesimama kabisa, na ukikivuta gari likitembea utasikia chuma kikilia. Mtu asiyejua ataingia mbugani na magurudumu mawili tu yakivuta, atazama mpaka kwenye mabenchi, kisha kwa hofu atavuta chochote kilicho karibu.

Niseme kweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kucheka. Leo mchana nililala chali nikaliona gari limezama. Nililiona vizuri, matope yamefika kwenye herufi za jina langu, Ramadhani na kanzu yake amekaa juu ya boneti, baba anauliza, "Zuhura yuko wapi?" Nilifurahi. Nilibaki na furaha hiyo kwa muda.

Kisha nikamkumbuka Mama Kulwa. Alijifungua wiki mbili zilizopita, mtoto wa kike. Ametuma salamu kwamba kesho gari likirudi kutoka Kharumwa yeye atakuwa wa kwanza kupanda, na mtoto mgongoni, na hataki kushikwa na mtu yeyote sehemu yoyote, maana amesikia kuna ngazi. Atakaa kwenye benchi nililolichagua mimi. Akizama, atazama kwenye gari lenye jina langu.

Kwa hiyo nitasoma. Nimekwisha kuamua, na hilo linaniuma pia, kwamba hata hasira yangu haiwezi kukaa peke yake bila kufikiria watu wengine.

Lakini sitasoma nikiwa nimesimama dirishani na kitabu mkononi kama karani.

Spana namba kumi na tatu sikuirudisha kwenye kisanduku siku ile Ramadhani aliponirudishia baada ya kufungua vibao. Ilibaki kwenye mfuko wa sketi yangu ya shule, na iko hapo mpaka sasa, nimeishika tu, ni baridi. Bolti nilizikuta zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya gari. Ramadhani alizitunza, hata yeye simwelewi. Kazi yenyewe si ndefu. Maji ya chai hayatakuwa yamechemka.

Kesho nitaamka wakati baba anakwenda msikitini. Nitafunga vibao. Nitauchukua mto kutoka kiti cha kati niuweke unapostahili. Nitakaa kwenye usukani, nifunge mlango, nisubiri. Wakirudi watanikuta. Nitamwambia Ramadhani akae pembeni, mahali ambapo baba alisema atakaa yeye, na nitamwonyesha kwa mikono yangu na miguu yangu, gari likiwa linaunguruma: hiki cha njano, hiki chekundu, hapa unasimama kwanza. Halafu nitazima. Halafu nitamgeukia baba, awe ameuegemea mlango au popote atakapokuwa, na nitasema yale maneno mawili yaliyonikwama jana.

Baada ya hapo kama ataniambia nishuke, nitashuka. Lakini atakuwa amesema yeye, kwa mdomo wake, na mimi nikiwa nimekalia kiti.

Nimeyasema sasa hivi kwa sauti, kujaribu, kwa kuwa bati linapiga kelele. Baba, uliniahidi. Yametoka. Nimeyarudia kwa sauti kubwa kidogo, na kutoka jikoni mama akauliza, "Umeniita?"

Je, mvua ikikatika kabla ya asubuhi, na nyumba ikawa kimya, bado yatatoka?